Namba Sita

Usiku wa tarehe 17 Januari 2024, Novatus Miroshi alipooneshwa kadi ya pili ya njano dakika ya 70, Taifa Stars ikicheza na Morocco kule San Pedro, mdogo wangu aliinuka kwenye benchi, akavaa koti lake la mvua na kutoka nje. Ndani ya kibanda umiza, pale Katandala, tulikuwa kama watu sitini. Tulikuwa nyuma kwa bao moja na bado watu walikuwa na matumaini. Baada ya kadi ile wengine walimtukana refa, wengine walimtukana Novatus. Mdogo wangu hakutukana mtu.

Nilimfuata. Alikuwa amesimama chini ya upenyo wa bati, mkono mmoja juu ya kiti cha bodaboda yake, anaangalia tope.

“Mpira haujaisha,” nilimwambia.

“Umeisha, dada. Twende nyumbani.”

Tulifungwa mabao mengine mawili tukiwa njiani.

Mdogo wangu na Novatus Miroshi wamezaliwa mwaka mmoja, 2002. Wote ni viungo wakabaji, wale wa namba sita, watu wanaokimbia mechi nzima na kutajwa mara mbili na mtangazaji. Hayo ndiyo yanayowaunganisha, na kwa miaka mingi kwangu yalitosha kabisa kuninyima usingizi.

Kabla ya Novatus alikuwepo Himid Mao. Mdogo wangu alipokuwa shule ya msingi, watoto wenzake wa Chanji walimwita Mao kwa sababu alikaba kama nahodha yule wa Azam. Mwaka 2018 Himid alipoondoka Azam kwenda Petrojet ya Misri, mdogo wangu alikata picha yake gazetini na kuibandika ukutani kwa ugali, juu ya kitanda tulichokuwa tunawekea magunia. Watoto wengine walibandika washambuliaji. Yeye alisema mshambuliaji anaweza kuamka vibaya akafunga kwa bahati, lakini namba sita akiamka vibaya timu nzima inaumwa.

Mwaka huohuo wa 2018 mimi nilichaguliwa kujiunga na chuo kikuu Dar es Salaam. Mwezi uleule, mwalimu mmoja aliyemwona mdogo wangu kwenye mashindano ya shule alimwambia aende Dar kwa majaribio ya timu ya vijana. Angehitaji nauli, njumu, na pesa ya kula na kulala kwa mwezi mmoja. Baba alipiga hesabu mezani kwa kalamu nyekundu ya mama, ambaye ni mwalimu. Tulikuwa tumevuna magunia thelathini ya mahindi. Bei ilikuwa mbaya. Mwaka mmoja kabla, serikali ilikuwa imezuia mahindi kutoka nje ya nchi na soko la kwetu lilikuwa bado halijapona. Baba aliuza gunia kwa shilingi 27,000. Jumla 810,000. Akatoa deni la mbolea, 180,000. Zikabaki 630,000.

Mkopo wangu wa chuo haukutosha. Nilihitaji 600,000 ili nianze. Mdogo wangu alihitaji 300,000.

Baba hakupiga kelele wala hakuitisha kikao. Alisema tu, “Mpira utamsubiri. Chuo hakimsubiri mtu.” Mdogo wangu, aliyekuwa na miaka kumi na sita, aliitikia, “Sawa, baba.” Akaenda kunisaidia kufunga begi.

Basi la kwenda Mbeya huondoka Sumbawanga alfajiri, na Oktoba asubuhi bado kuna baridi. Uwanda wa Ufipa uko juu, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na watu wa pwani hawaamini ukiwaambia kwamba sisi tunalala na mablanketi mawili. Mdogo wangu alinibebea begi mpaka mlangoni. Alinipa elfu tano aliyopata kwa kubeba magunia sokoni. Niliipokea. Ndicho kitu nilichokuja kukikumbuka zaidi, kwamba niliipokea.

Dar nilijifunza kujibu utani. Ukisema unatoka Sumbawanga, mtu anaruka hatua mbili nyuma na kucheka: usinitumie radi, usinipandishe ungo. Kuna wanaokuuliza kwa upole kabisa kama ni kweli jina la mji linamaanisha “tupa uchawi.” Nilikuwa nacheka nao. Sikuwahi kumwambia yeyote kwamba kama kuna kitu nilichokiogopa kutoka nyumbani, ni simu ya mdogo wangu Jumapili jioni akinieleza kwa furaha jinsi walivyocheza kwenye kiwanja cha mawe, na mimi nikihesabu kimoyomoyo: ningebaki, angekuwa hapa.

Tarehe 2 Agosti 2020 Simba na Namungo walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho kwenye Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga. Mji wetu haukuwahi kuona watu wengi namna ile. Mdogo wangu aliingia uwanjani mapema sana na kukaa juani. Simba walishinda 2-1. Aliponipigia usiku hakunieleza mabao. Alinieleza viungo walikuwa wanaangalia wapi kabla mpira haujawafikia. “Dada, wanageuza shingo kama mtu anayevuka barabara,” alisema. “Nimewaona kwa macho yangu.”

Halafu Novatus akaanza kusafiri, na kila safari yake ikawa inanihusu mimi. Aliyelelewa Azam, akapelekwa kwa mkopo Biashara United ya Mara, akaondoka kwenda Maccabi Tel Aviv. Mwaka 2022 akahamia Zulte Waregem ya Ubelgiji. Msimu ukaisha timu imeshuka daraja. Nilidhani habari zake zimekwisha. Badala yake, mwaka 2023 akachukuliwa kwa mkopo na Shakhtar Donetsk ya Ukraine.

Mdogo wangu aliisoma Shakhtar kama mtu anayesomea mtihani. Alijua kwamba timu ile haijacheza nyumbani kwake Donetsk tangu 2014 kwa sababu ya vita, na kwamba msimu ule mechi zake za nyumbani za Ligi ya Mabingwa ilizichezea Hamburg, Ujerumani. Alijua kwamba kule Ukraine king'ora kikilia mechi inasimama, wachezaji wanaingia kwenye mahandaki, kisha wanarudi kumalizia. Mvulana wa umri wake, Mtanzania, alikuwa humo, akicheza Ligi ya Mabingwa, mara nyingine akipangwa beki wa kushoto kwa sababu mchezaji wa ugenini hachagui nafasi. Novemba, Shakhtar walipoifunga Barcelona 1-0, nilipata ujumbe wake wa sauti wenye kelele tupu.

Mimi wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani. Shahada ilikuwa kwenye bahasha ya kaki ndani ya sanduku la mama. Nilikuwa nafundisha kwa kujitolea kwenye sekondari moja na kuandika barua za maombi ya kazi ambazo hazikujibiwa. Mdogo wangu ndiye alikuwa ananunua vocha yangu ya simu kwa pesa ya bodaboda. Kwa hiyo siku ile ya kadi nyekundu, tulipokuwa tunarudi nyumbani kwenye mvua, mimi nimekaa nyuma nimemshika kiunoni, nilikuwa nawaza kwamba magunia thelathini yameliwa na bahasha.

Siku nne baadaye, tarehe 21, Stars walicheza na Zambia. Kwa Sumbawanga hiyo si mechi ya kawaida. Mpaka uko karibu, tuna ndugu Mbala, na umeme wetu wenyewe kwa miaka mingi umetoka Zambia. Kibandani mtu alipaza sauti, “Tusiwafunge sana, watatuzimia!” Watu wakacheka mpaka mwenye banda akatuliza. Novatus hakuwepo kwa sababu ya kadi. Simon Msuva alifunga mapema, dakika ya 11. Zambia walibaki kumi kabla ya mapumziko. Tukaanza kuamini. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha kwa kichwa, na banda zima likanyamaza kama umeme umekatika kweli.

“Pale katikati,” mdogo wangu alisema, akinionesha kioo kwa kidole. “Pale alitakiwa awepo mtu.”

Sikujibu. Nilijua anamsema Novatus. Lakini nilisikia jambo lingine.

Oktoba 2024 nilipata nafasi ya shahada ya uzamili. Ninaandika tasnifu kuhusu vijana wa Rukwa wanaoondoka kutafuta maisha: wanaokwenda Tunduma, Mbeya, Dar, wanaovuka kwenda Zambia. Mwaka jana nilirudi nyumbani na madodoso kukusanya data. Msimamizi wangu alinionya mapema kwamba ndugu hahojiwi, na mimi nilikubali. Lakini mdogo wangu ndiye aliyenipeleka vijijini kwa bodaboda, Laela, Matai, hadi njia ya kushukia bonde la Rukwa, na kila nilipohoji mtu yeye alikaa pembeni akisikiliza. Kwenye dodoso langu kuna swali la nne: mhojiwa ameondoka, ameondoka na kurudi, au hajawahi kuondoka?

Siku ya mwisho tulipumzika chini ya mkaratusi nje ya Laela, tukala mahindi ya kuchoma.

“Na mimi ungeniandika wapi?” aliuliza.

“Hujawahi kuondoka,” nilisema. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimelibeba miaka saba na nilikuwa nimechoka, nikasema yote. Kwamba ile ilikuwa nauli yake. Kwamba kila ninapomwona Novatus naona deni. Kwamba nitamlipa.

Alitafuna mahindi yake muda mrefu.

“Niandike ameondoka na kurudi,” alisema.

Akanieleza. Mwaka 2019, mimi nikiwa mwaka wa kwanza, alimwambia baba anakwenda Laela kununua maharage ya biashara. Hakwenda Laela. Alikwenda Mbeya, kwenye majaribio ya timu moja, na njumu za kuazima. Siku ya kwanza alibaki. Siku ya pili jioni kocha alimwita pembeni, akamwambia ana mapafu mazuri na moyo mzuri, lakini ni mzito kugeuka. Mpira ukimkuta amewapa mgongo wapinzani, anachelewa. Akamshukuru, akampa nauli ya kurudi. Alifika Sumbawanga usiku, akamwambia baba bei ya maharage ilikuwa juu.

“Mbona hukusema?”

“Kwenu mlikuwa mnasema mimi ningefika kama si pesa.” Alifuta mikono kwenye suruali. “Hiyo ilikuwa nzuri kuliko kwamba nilifika nikakataliwa. Nikaiacha.”

Nilikasirika. Nilitaka kumwuliza kama anajua usiku mingapi nimehesabu magunia yale. Halafu nikahisi kifua kimefunguka, kana kwamba mtu amenitua mzigo, na papo hapo nikaona aibu kwa wepesi ule. Ndugu yangu alikuwa ananieleza siku aliyoshindwa, na mimi nilikuwa napumua vizuri.

Tena si kwamba hesabu imefutika. Huenda 2018, akiwa na miaka kumi na sita, chini ya walimu wa kweli, angefundishwa kugeuka. Huenda isingekuwa hivyo. Baba alisema mpira utamsubiri, na alikosea, lakini alikuwa na 630,000 na watoto wawili. Nimejaribu kuipiga hesabu ile upya kwa kalamu yangu mwenyewe na sijapata jibu tofauti na lake.

Kiswahili kinamwita mchezaji yule kiungo, neno lilelile la goti na kiwiko, na lilelile la tangawizi na mdalasini. Hukioni mpaka kiume. Nyumbani kwetu, mimi nikiwa Dar, aliyempeleka mama hospitali ni yeye. Aliyevuna alizeti ni yeye. Ninapoandika utangulizi wa tasnifu kuhusu wanaoondoka, sasa nimeongeza sura fupi juu ya wanaobaki. Msimamizi wangu anasema inahitaji nadharia, na ana haki.

Asubuhi ya kurudi chuoni nilipita kiwanjani kumuaga. Ilikuwa Jumamosi, ukungu umekaa chini kwenye Milima ya Mbizi. Kila Jumamosi anafundisha watoto wa chini ya miaka kumi na tano, kama ishirini hivi, wengi bila viatu. Aliwapanga wawili wawili. Mmoja anapiga pasi, mwingine anapokea, lakini kabla ya kupokea lazima atazame nyuma na kutaja kwa sauti idadi ya vidole alivyoinua mwenzake wa tatu.

“Kabla! Kabla haujafika!” alikuwa anapiga kelele. “Ukishafika umechelewa!”

Aliniona, akaja akikimbia, akanibebea begi hadi kwenye bodaboda. Novatus sasa yuko Göztepe, Izmir, Uturuki, na anacheza katikati. Njiani kwenda stendi mdogo wangu alinieleza mechi yake ya mwisho yote, dakika kwa dakika, akigeuza shingo kunitazama kila alipofika kwenye jambo zuri, mpaka nikamwambia aangalie barabara.

Stendi nilitoa elfu tano na kumpa. Aliitazama.

“Ya nini?”

“Ya 2018.”

Alicheka, akaitia mfukoni, akaniuliza kama nina chenji ya mafuta.