Joto la Muscat lilinivua kiburi

Tembea uone, walinena wahenga. Mimi nilitembea, nikaona, na mwishowe nikaona haya.

Mtaani kwetu hapa Nairobi nina jirani ambaye huvaa buibui kila siku. Kwa miaka mingi nilimhurumia. Siku moja ya jua kali mwezi wa Februari nilimwambia mbele ya watu dukani, "Mama, kwani unajipika ukiwa hai?" Watu wakaangua kicheko. Yeye alitabasamu tu, akachukua maziwa yake na kwenda zake.

Kisha nikapata nafasi ya kuzuru Muscat, mji mkuu wa Oman, mwezi wa Julai. Nilipakia blauzi zisizo na mikono na sketi fupi, nikijisifu kwamba nimejiandaa kwa joto. Ndege ilitua usiku wa manane. Nilipotoka nje, fukuto lilinipiga usoni kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa, na miwani yangu ikaingia ukungu. Nikajiuliza, kama usiku uko hivi, mchana je? Kumbe nilikuwa na bahati! Huko Quriyat, mji wa pwani usio mbali na Muscat, usiku mmoja wa Juni 2018 joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6.

Asubuhi nilitembea kando ya bahari kule Mutrah. Wanaume walivaa kanzu ndefu nyeupe, zenye kishada kidogo shingoni ambacho hutiwa manukato, na kofia za kudarizi zinazofanana na zile za Lamu. Wanawake walivaa abaya nyeusi. Wote walikwenda taratibu, wakifuata vivuli. Mimi mabega yaliniwasha kama yaliyopakwa pilipili. Kichwa kikaanza kuzunguka, nikaegemea ukuta wa duka.

"Mwanangu, kaa kitako, utaanguka!"

Nilidhani naota. Alikuwa bibi mmoja ndani ya abaya, na Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja! Wengi wenye asili ya Oman walihama Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, na lugha wakaenda nayo.

"Shikamoo, bibi," nilinong'ona.

"Marahaba. Kunywa maji." Kisha akanitandazia mtandio mabegani. "Jua la huku halichezewi. Nguo pana ni kivuli unachotembea nacho."

Nilimtazama vizuri. Abaya yake haikumbana popote. Kila alipopiga hatua, hewa ilipita ndani.

Siku zilizobaki nilivaa nguo pana za mikono mirefu, na sikuzunguliwa tena na kichwa. Hata ndani ya maduka makubwa, ambako viyoyozi hutia baridi ya kutetemesha, mtandio ule ulinifaa.

Niliporudi Nairobi nilimpelekea jirani yangu ubani wa Oman, nikamwomba radhi. Najua yeye huvaa buibui kwa ajili ya imani yake, wala si kwa sababu ya jua. Lakini mimi nilikuwa nimemcheka kwa jambo nisilolijua hata kidogo.

Alinusa ubani, akacheka. "Mama, usijali," akasema. "Miaka yote hiyo, nami nilikuwa nikiyahurumia mabega yako."