Jibu Lilikuwa Kwenye Pindo la Kanga

Pangani, Tanga
3 Novemba 2024

Mwanangu Zuhura,

Mvua za vuli zimeanza, mwembe wa uani umeinama kwa maembe mabichi, na bibi yako kila akitoka kuswali anauliza kama umepiga simu.

Jana mama yako alinieleza habari zako za huko Dar es Salaam. Alisema huu ni mwezi wa saba unaamka umechoka kuliko ulivyolala. Daladala imekupitisha kituo mara mbili ukiwa umesinzia, ukajikuta Mbagala Rangi Tatu. Usiku nao, unapoutaka usingizi, haupo. Akaongeza kwamba kazini wameanza kukuita mvivu. Neno hilo ndilo lililonikalisha kitako niandike. Nilikaa nawe miaka minne ulipokuwa unasoma hapa, na wewe ndiye uliyekuwa ukiwahi jogoo kunitelekea chai. Uvivu haumwangukii mtu ghafla akiwa na miaka 26.

Ningeweza kukupigia, lakini maneno ya simu hupotea, na haya nataka uyashike mkononi. Baba yako ataomba ayasome. Mpe, yamo na yake.

Hujawahi kusikia yaliyonipata mwaka 2004, wakati ule ungali mdogo. Nilikuwa nafundisha darasa la nne, watoto zaidi ya sabini chumba kimoja. Nikaanza kuchoka, na haukuwa uchovu wa kazi, maana huo ukilala unaondoka. Huu wangu uliamka pamoja nami. Kutoka sokoni hadi nyumbani nilipumzika mara mbili, nikihema kama niliyebeba gunia, na kumbe mkononi nina fungu la mchicha. Usiku nikijinyoosha tu, miguu inaanza: kama sisimizi wanatembea ndani ya mifupa. Nikiitikisa wanatulia, nikiiacha wanarudi. Nilizunguka ukumbini hadi adhana ya alfajiri, kisha nikaenda shule kusinzia juu ya madaftari ya watoto.

Zahanati nilikwenda mara tano. Miaka ile ukisema umechoka, jibu ni malaria. Nikapewa vidonge vitatu vya SP, dawa ya malaria ya wakati ule, mara nyingine bila hata kutobolewa kidole. Baadaye nikaambiwa ni mawazo. Jirani akasema nina jini. Nikafukizwa, nikanywa kombe. Dua siikatai, mwanangu, dua ndiyo iliyonishikilia nisivunjike. Lakini katika wote hao, kila mmoja alinipa jibu kabla hajaniuliza swali.

Mwaka 2006 nikaenda hospitali Tanga mjini, nikamkuta tabibu mmoja, mama wa makamo. Akanishusha kope la chini la jicho, akatazama, akanyamaza. Kisha akaniuliza mambo mawili ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Damu ya mwezi inakutoka siku ngapi? Na je, kuna kitu kisicho chakula unachotamani kukila?

Niliona haya hadi jasho likanitoka. Kwenye pindo la kanga yangu nilikuwa nimefunga udongo, ule unaouzwa sokoni. Nilikuwa naula kila siku kwa kujificha, mtu mzima na mwalimu. Na damu ilikuwa inanitoka siku tisa, kwa mabonge, wala mume wangu hakujua, kwa kuwa somo yangu alinifunda kwamba damu ya mwezi haitajwi. Nikalifungua lile pindo mezani pake. Hakucheka. Akasema, "Ahsante, mama. Umenirahisishia kazi."

Damu ilipopimwa ikakutwa 6.8, na mwanamke asiye mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 12. Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye kizazi. Tabibu akanieleza taratibu, kama ninavyowaeleza watoto hesabu. Kila mwezi nilipoteza madini ya chuma mengi kuliko niliyoyala. Chuma kikikosekana, mwili hautengenezi damu ya kutosha kubeba hewa, ndiyo maana mchicha ulikuwa mzito. Miguu isiyotulia usiku nayo huweza kuletwa na upungufu huo huo, na hamu ya udongo vilevile. Mambo matatu niliyoyahesabu kuwa mikosi mitatu, kumbe mama yao mmoja.

Nilimeza vidonge vya chuma miezi kadhaa, na baadaye nikafanyiwa upasuaji. Chai nikaacha kuinywa pamoja na chakula, kwa sababu huzuia chuma cha mboga na maharage kisiingie mwilini. Juisi ya rozela na matembele nilikuwa nimevitumia tangu zamani, lakini mtungi unaovuja haujai kwa kuongezewa maji. Siku niliyolala usiku kucha mpaka adhana ikaniamsha, nilikaa kitandani nikalia.

Sasa nisikilize. Sisemi una ugonjwa wangu. Uchovu una milango mingi: tezi ya shingo ikizorota, sukari, kifua kikuu, VVU, minyoo ya safura inayonyonya damu, sonona, hata pumzi kukatika usingizini kwa mtu anayekoroma sana. Ninalokukataza ni kubahatisha mlango. Usinunue dawa za usingizi dukani, maana huko ni kumziba mdomo mlinzi anayepiga kelele. Hata vidonge vya kuongeza damu usivianze kabla ya kupimwa, visije vikaficha kinachotafutwa.

Chukua daftari. Kwa wiki mbili andika saa uliyolala, mara ulizoamka, na kilichokuamsha. Andika chai na kahawa, saa ulizokunywa. Andika siku za damu na idadi ya pedi. Mwulize unayelala naye chumba kimoja kama unakoroma au unashtuka ukitafuta pumzi. Andika kila dawa unayomeza, hata ya mitishamba.

Ukifika kwa daktari usiseme "nimechoka tu." Sema lipi uliliweza mwaka jana na leo limekushinda. Akipima wingi wa damu, uliza na akiba ya chuma, wanaiita feritini, kwa sababu wingi unaweza kuwa mzuri huku akiba imekwisha. Majibu yote yatie katika bahasha moja uende nayo kila mahali, ili kila daktari aendelee pale alipoishia mwenzake.

Na majibu yakija safi, mtu asikwambie huumwi. Karatasi safi inataja yasiyokuwepo, haijataja yaliyopo. Yapo maradhi ya uchovu unaopita miezi sita, usiotulizwa na mapumziko na unaozidi kila ukijikakamua, na hayana kipimo kimoja cha kuyaonyesha. Daktari huyatambua kwa kusikiliza na kwa kuondoa mengine. Basi urudi, na ukirudi hujasumbua mtu. Lakini pumzi ikikukata umekaa, ukizimia, au moyo ukikwambia huna haja ya kuishi, usingoje miadi. Nenda saa hiyo hiyo, kisha unipigie, hata kama ni saa nane ya usiku.

Kaka yangu, najua umefika hapa. Usimwambie mtoto ajikaze. Mimi mliniambia nijikaze miaka miwili, nami nikajikaza hadi damu ikafika 6.8. Siwalaumu, hamkujua. Leo unajua.

Zuhura, wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilizunguka miaka miwili nikitafuta jibu kwa watu, na jibu nilikuwa nimelifunga mwenyewe kiunoni. Sijui wewe umefunga nini. Pengine ni damu, pengine ni kitu unachokila, pengine ni huzuni unayoona haina haki ya kuwa huzuni. Mimi nilifundwa kunyamaza. Na kama nawe ulifundwa hivyo, mimi shangazi yako, niliye na haki hiyo juu yako, nakufungulia leo: mbele ya daktari hakuna mwiko.

Wiki hizo mbili za daftari zikiisha, nitapanda basi la asubuhi. Tutakwenda wote. Nikikuona unataka kusema na daktari peke yako, nitatoka nikukalie nje ya mlango, hata ikiwa ni kutwa. Nauli ninayo, na ya vipimo nimeiweka. Wewe lete daftari.

Wasalaam,

Shangazi yako akupendaye,
Mwanahamisi