Siku Mbili Kando ya Ziwa Duluti

Wengi wenu mpitao njia kuu ya kutoka Arusha kwenda Moshi hamjui ya kuwa karibu na Tengeru, mwendo mfupi tu kutoka barabarani, pana ziwa dogo lililojificha katikati ya miti. Jina lake ni Duluti. Huko ndiko tulikokwenda, sisi walimu pamoja na jamaa zetu na watoto, tukalala mahemani siku mbili. Nasi twapenda kuwaeleza tuliyoyaona.

Zamani sana mahali hapo palikuwa shimo la volkano, chini ya Mlima Meru. Moto ulipozimika, maji yakalijaza. Eneo la ziwa halifiki kilomita moja ya mraba, na kina chake ni kama mita 9. Msitu wa hifadhi wa serikali umelizunguka mfano wa mshipi, nao ni mwembamba. Ukiisha tu, waona mashamba na nyumba za watu. Humo kima huruka matawini, hondohondo hupiga kelele juu ya miti mirefu, mdiria hutumbukia majini kama jiwe, na kenge huota jua ukingoni. Kukicha, maji hutulia hata miti yaonekana ndani yake kichwa chini.

Jioni ya kwanza, tulipokwisha kula, akina mama wawili walichukua masufuria na sabuni ili wakayaoshe ziwani. Ndipo mlinzi wa msitu, mzee mwenye adabu nyingi, akawaambia, "Mama zangu, nawasihi msioshee humo. Ziwa hili halina mlango." Wakamwuliza, "Mlango gani, baba?" Akajibu, "Hapana mto uingiao, wala mto utokao. Mtakachokitia leo hakichukuliwi na mtu."

Palikuwa na manung'uniko kidogo, maana kuteka maji kwa ndoo na kuyamwaga mbali ni kazi, na watoto walikwisha kuchoka. Lakini neno la mzee lilikuwa kweli. Wataalamu walichimbua tope la chini ya ziwa hilo, wakakuta chavua ya mimea ya kale na mabaki ya mwani mdogo usioonekana kwa macho. Kwa hayo wakasoma habari za mvua na ukame tangu mwaka 1000 hivi hata mwaka 1800. Basi, ikiwa chavua ya ua imetunzwa karne nyingi, je, taka zetu zitakwenda wapi? Vijana waliposikia hayo walishika ndoo wenyewe.

Kwa hiyo, walimu mnaotaka kuwapeleka watoto, yafaa kwanza kuomba ruhusa na kulipa ada kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Chukueni jiko na mkaa kutoka nyumbani, msikate hata kijiti, kwa kuwa mshipi ule mwembamba hauwezi kulisha moto wa kila kundi. Wekeni mtu mzima ukingoni wakati wote, maana maji ya shimo la volkano hayana ufuko mrefu wa kumwonya mtoto. Na kila mmoja arudi na taka zake.

Wazee walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji wa Duluti ni maji na miti. Nao wapone kwa kuja kwetu.