Mavazi ya Ginza Yaliyofika Jukwaa la Roki

Mgeni afikaye mtaa wa Ginza, jijini Tokyo, hakosi kuliona jumba lenye kuta nyeupe na paa zilizopinda, katikati ya maduka na majengo marefu ya ofisi. Hilo ndilo Kabuki-za, makao ya maigizo ya jadi yaitwayo kabuki. Lilijengwa kwanza mwaka 1889, likaungua mwaka 1921, likapigwa mabomu mwaka 1945. Lililopo sasa lilifunguliwa mwaka 2013.

Humo wanaume huigiza hata nafasi za wanawake, kwani wanawake walipigwa marufuku jukwaani mwaka 1629. Lakini kwa mtu ajuaye sindano, ajabu kubwa ni mavazi. Mwigizaji huingia amevaa kimono nzito. Mara, watazamaji wakimkodolea macho, kimono ile hutoweka na nyingine ya rangi tofauti kabisa huonekana. Si kiinimacho. Vazi la juu limepigwa bandi tu kwa nyuzi nene zenye vifundo vidogo mwishoni. Msaidizi huchutama nyuma ya mwigizaji, akazivuta nyuzi hizo kwa siri, kisha akalinyakua vazi kwa mkupuo mmoja. Wajapani huuita ufundi huo hikinuki. Uzi ukiachia mapema, vazi humwanguka mwenyewe katikati ya ngoma. Ukikwama, huaibika mbele ya ukumbi mzima.

Kansai Yamamoto, mbunifu wa mavazi aliyezaliwa Yokohama mwaka 1944, aliupeleka ufundi huo kwenye muziki wa roki. Mwimbaji Mwingereza David Bowie alikuwa akivaa nguo ambazo Yamamoto alizibuni kwa ajili ya wanawake, na Februari 1973 mbunifu huyo alikwenda New York kumtazama. Mwaka huo akamtengenezea nyingine. Moja ni joho jeupe lenye maandishi ya Kijapani yanayotamka jina la Bowie. Wasaidizi walilivuta, likamtoka mwimbaji hadharani. Nyingine ni ya plastiki nyeusi yenye michirizi myeupe, miguu yake imetanuka kama pinde mbili, hata aliyeketi kiti cha mwisho alitambua umbo kabla ya uso. Kusema kweli, si vazi la kukalia.

Mwaka 2013 vazi hilo lilionyeshwa London, katika makumbusho ya Victoria and Albert, likiwa limevishwa sanamu. Yamamoto alifariki mwaka 2020. Huko Ginza, vazi likishavutwa jukwaani, mafundi hulipiga bandi upya kwa onyesho linalofuata.