Mbwa mwenye hereni wa Istanbul

UKITAKA kuiona Kariakoo iliyohamia Ulaya, panda ndege uende Istanbul, ukaulize mtaa wa Laleli. Uko jirani na lile Soko Kuu la kale lenye mapaa. Hapo utawakuta Warusi, Waarabu, Wanigeria na akina mama zetu wa Dar wakivuta mabegi makubwa kama majeneza, na wauza nguo wamesimama milangoni wakiita "karibu dada, bei poa" kwa Kiswahili cha kuokoteza. Mwaka 2019 shemeji yangu, mwenye duka la magauni ya harusi, alinichukua niwe mkalimani wake. Mkalimani wa Kiingereza, ambacho wenye maduka wengi nao hawakijui! Basi tukawa tunaelewana kwa kalkuleta.

Kilichonitoa macho si bei. Ni mbwa. Nje ya duka tulilonunulia alilala mbwa mkubwa wa rangi ya mchanga, katikati ya njia, watu wanamruka kama gunia. Mimi ni mtoto wa Tanga. Nimekulia nyumba ambayo mbwa akichungulia uani bibi anashika mchi, na mate ya mbwa yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofunzwa madrasa sisi wa Shafii. Sasa huyu mwenye duka, Mwislamu mwenzangu, ametoka kusali Ijumaa, namwona anamwekea mbwa maji kwenye bakuli. Anamwita Pasha.

Sikioni Pasha alikuwa na hereni ya plastiki. Nikadhani urembo. Kumbe ndicho kitambulisho chake. Sheria yao ya mwaka 2004 ilisema mbwa wa mtaani akamatwe, ahasiwe, achanjwe, kisha arudishwe palepale alipokamatwa. Kwa hiyo Pasha hakuwa mbwa koko. Alikuwa mbwa wa mtaa, na mtaa mzima ndio wenyewe. Mwaka 2021 mji huohuo ulipata staa wake, mbwa mmoja aitwaye Boji, aliyekuwa akipanda treni, tramu na hata meli peke yake. Wakubwa wa mji wakamvalisha kifaa cha kumfuatilia, wakaona anasafiri kama kilometa 30 kwa siku. Abiria wanapiga naye picha, nauli halipi.

Lakini usidhani watu hawa wamekuwa watakatifu siku zote. Mwaka 1910 watawala wa wakati huo, waliotaka Istanbul ifanane na miji ya Ulaya, waliwakusanya mbwa kwa makumi ya maelfu, wakawapakia vyomboni na kwenda kuwamwaga kwenye kisiwa cha mawe matupu katika Bahari ya Marmara. Kisiwa kinaitwa Sivriada. Watu wakakibandika jina la Hayırsızada, yaani kisiwa kisicho na heri. Hakuna aliyewachinja wala kuwapiga risasi, mikono yote safi. Wakalana wenyewe kwa wenyewe, wakafa kwa njaa na kiu, na vilio vyao upepo ukavileta mpaka mjini. Wenyeji wakaja kusema kuwa misiba iliyowapata baadaye ilikuwa laana ya mbwa wale.

Nilirudi Laleli mwaka 2025, shemeji na mabegi yake, mimi na Kiingereza changu. Bakuli lipo mlangoni, Pasha hayupo.

"Wamemchukua," akasema mpwa wa mwenye duka, kijana wa chuo aliyenifuta kazi ya ukalimani siku ileile. Mwishoni mwa Julai 2024 bunge lao lilipitisha sheria mpya: mbwa wa mtaani waondolewe mitaani wapelekwe kwenye vituo, na wasirudishwe tena. Meya asiyetekeleza anaweza kufungwa, miezi sita hadi miaka miwili.

Nisiwe mnafiki. Waliodai sheria hiyo hawakuwa wendawazimu. Wako wazazi waliouguza watoto waliong'atwa, na wengine waliozika watoto waliogongwa na magari wakiwakimbia mbwa. Na mtu wa kwetu, anayejua kichaa cha mbwa kinavyoua, hana haki ya kuwacheka. Dalili zikishaonekana, mgonjwa karibu kila mara ni wa kuzikwa. Ila ugonjwa huo unakatwa kwa chanjo. Shirika la Afya Duniani linasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa unauvunja mgongo, na kuwaua ovyo hakusaidii.

Tatizo ni hesabu. Wakati sheria inapitishwa, serikali yenyewe ilikadiria mbwa wa mitaani kuwa kama milioni 4. Vituo vilikuwa 322, vyenye nafasi 105,000. Shemeji yangu, aliyeishia darasa la saba, akabofya kalkuleta yake: mbwa 38 kwa nafasi moja. Akaguna, "Hawa watalala wapi?" Halmashauri zimepewa hadi mwisho wa 2028 kujenga vituo. Mbwa hasubiri 2028.

Jumapili mwenye duka akatuchukua kwa gari lake kwenda kumtafuta Pasha. Kituo kiko nje kabisa ya mji, mahali ambapo mtu hapiti kwa bahati mbaya. Kelele ulizisikia kabla hujaona ukuta. Harufu nayo, yaache. Kizimba cha mbwa watatu kina tisa.

Daktari wa pale ni binti, rika la mwanangu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nikamuuliza, kwa ule ukali wa mgeni asiye na jukumu, wanachoma sindano mbwa wangapi kwa wiki. Idadi hakunitajia. Akanipeleka kwenye kizimba kimoja. Sheria, akaeleza, haisemi ua wote. Inaruhusu kumuua mgonjwa asiyetibika na yule aliye hatari kwa watu au wanyama. Lakini mbwa wakibanana wanagombea chakula. Aliyeng'atwa anapata vidonda na magonjwa, aliyeng'ata anaandikwa hatari. Kizimba chenyewe ndicho kinachozalisha wa kuchomwa sindano. "Wanakuja watu kunitukana hapo getini," akasema. "Hakuna anayeondoka na mbwa."

Hapo nikanywea. Mimi ninaondoka na kilo 46 za magauni.

Sindano ile, ikipigwa na anayejua kazi, mnyama analala usingizi ndipo moyo unasimama. Ukilinganisha na kisiwa cha 1910, ni heri mara mia. Na mbwa anayeoza kwa saratani, mimi naona kumchoma ni kumhurumia. Ila mbwa mzima akichomwa kwa sababu nafasi imekwisha, neno huruma tuliache pembeni, tuseme tu kwamba nafasi imekwisha. Na si Waturuki peke yao. Marekani, ambako mbwa ana shampuu yake, shirika la ASPCA lilikadiria kwamba mwaka 2019 mbwa kama 390,000 waliuawa vituoni kwa sindano. Kule mitaani huwaoni, ndiyo maana hatuwaulizi.

Pasha tukamkuta kizimba cha mwisho, amekonda, sikio la hereni limechanika. Akaijua sauti ya bwana wake. Mtaani harudi, hiyo ni sheria. Anayetoka hapo anatoka na mtu mwenye jina na anwani. Mwenye duka akakaa kimya muda mrefu. Anaishi ghorofa ya nne na mama yake mgonjwa, lifti hakuna. Kisha akaomba kalamu.

Mjini mvua ikatushukia. Mlangoni mwa jengo Pasha akagoma. Mbwa aliyezaliwa mtaani ngazi za ghorofa anazijulia wapi! Alivutwa, akabembelezwa kwa soseji, wapi. Mpwa alikuwa amekwenda kuegesha gari. Mwenye duka akashika upande wa kichwa, akaniangalia. "Abi," akasema, yaani kaka.

Nikashika nyuma. Ghorofa nne, mpenzi msomaji, mbwa amelowa chapachapa, uzito wa gunia la mahindi, na katikati ya ngazi akageuza shingo akanilamba mkono mpaka kwenye kiwiko. Juu kufika, hakuingia ndani. Akajitupa kwenye mkeka wa mlangoni, katikati ya njia, mama mtu mzima ikabidi amruke.

Mara sita niliosha kwa maji. Ya saba, udongo niliuchota kwenye chungu cha maua cha jirani.