Jumamosi Moja Mtoni

Kama mko Dar na mna Jumamosi moja tu, basi Septemba ndiyo yenyewe: jua halijawa kali, na vuli haijaanza. Pandeni boti ya asubuhi, saa mbili hivi mko Unguja.

Wengi huishia vichochoroni Mji Mkongwe wakipiga picha kwenye milango. Si mbaya. Ila mimi na mchumba wangu tulidandia daladala la Bububu, tukashuka Mtoni, kilomita chache tu kaskazini. Pale ufukweni yapo magofu ya kasri la Sayyid Said, alikozaliwa bintiye Salme mwaka 1844. Bibie alipokuja kuishi mjini akampenda jirani yake, Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani. Mwaka 1866, akiwa mjamzito, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko akabatizwa, wakaoana 1867. Miaka mitatu baadaye Ruete akafa kwa ajali ya tramu Hamburg, akamwacha ugenini na watoto watatu.

Sisi nasi dini ni mbili. Kwetu wanajua, kwao bado. Tulikaa kivulini karibu na mabaki ya hamamu, mwenzangu kimya, mara akauliza, "Ungekuwa wewe, ungepanda ile meli?"

Sikumjibu. Boti ya alasiri haimsubiri mtu (mkitaka mishkaki ya Forodhani usiku, bora mlale hukohuko). Tulipokuwa kwenye foleni bandarini akatoa simu, akampigia mama yake.

"Mama, kesho nakuja na mgeni."