Msimbo Uliohama Mashine

Katikati ya miaka ya 2000, nilipoingia kazini Canary Wharf, London, hapakuwa na mtu aliyepokea msimbo bila kuuliza kwanza utaendeshwa kwenye mashine ipi. Benki iliyoniajiri ilikuwa na seva za Solaris zenye prosesa za SPARC, zikinguruma katika chumba cha baridi kali, na ndani yake ilikaa kdb+, hazina ya data inayoulizwa kwa lugha ya q. Arthur Whitney, Mkanada, ndiye aliyeitoa mwaka 2003. Aliijenga juu ya mawazo ya K, lugha yake ya miaka kumi nyuma, nayo K ni ya ukoo wa APL, ya Mkanada mwenzake Kenneth Iverson. Iverson alianza kwa kubuni alama za kuandikia hesabu alipokuwa akifundisha Harvard. Kitabu chake kikatoka 1962, IBM wakazigeuza alama hizo kuwa lugha ya kompyuta, na mwaka 1979 akatunukiwa Tuzo ya Turing.

Lugha za ukoo huu hushughulikia safu nzima kwa mkupuo mmoja. Mwenye bei za hisa milioni moja haandiki kitanzi cha kuzipitia moja baada ya nyingine. Anaandika neno la kujumlisha na jina la safu, basi. Ni kama kupima mchele kwa pishi badala ya kuuhesabu punje kwa punje. Halafu q hukokotoa kuanzia kulia kwenda kushoto, bila alama moja kuitangulia nyingine kwa cheo, kwa hiyo 2*3+4 ni 14. Vijana wenzangu wa Kiingereza walilalamika sana. Mimi niliyekaa chuoni Mombasa mbele ya msahafu kabla sijajua kusoma gazeti, sikuona ajabu yoyote.

Aliyenifunza kazi pale alikuwa mzee wa Wales, mtu aliyeanza APL zamani za kampuni ya I.P. Sharp. Kabati lake lilijaa nakala za Vector, jarida la chama cha APL cha Uingereza lililoanza 1984, na ukimuuliza swali alikupa jarida badala ya jibu. Alikuwa na kawaida ya kugawa mistari ya msimbo mafungu mawili: ya kijanja na ya kivivu. Ya kivivu ilisema kinachotakiwa na kuishia hapo. Ya kijanja ilijua siri za mashine.

Siku hizo ujanja ulikuwa na haki yake. Baadhi ya programu zetu zilikuwa bado za biti 32, ambazo haziwezi kushika zaidi ya GB 4 za kumbukumbu, na siku yenye biashara nyingi iliujaza ukomo huo kabla ya soko la New York kufunguliwa. Hapo q ilikata roho kwa neno moja tu, wsfull, ambalo ni urithi kutoka APL. Kwa hiyo tuliikatakata siku vipande, tukahifadhi namba kwa biti 32 pale ambapo 64 zingekula nafasi maradufu, tukayapanga maswali ili tarehe ichujwe kwanza, kisha jina la hisa, ndipo mengine. Hilo la mwisho halijazeeka hata leo, kwa sababu data imegawanywa kwa tarehe na kila safuwima ni faili lake. Ukitaja tarehe mwanzoni, mafaili ya siku nyingine hayaguswi kabisa.

Kisha ikaja 2008. Benki ya Lehman Brothers, iliyofilisika mwaka huo, ilikuwa jirani yetu, jengo lake lilikuwa Bank Street, na kila mtu duniani aliziona picha za watu wakitoka pale na maboksi. Kwetu matokeo ya anguko hilo yalikuwa madogo zaidi: fedha za kununua mashine za SPARC ziliisha, tukaambiwa tuhamie Linux kwenye prosesa za kawaida za Intel.

Msimbo wa kivivu ulihama siku hiyohiyo. Data ndiyo iliyogoma. SPARC huandika namba ikitanguliza baiti kubwa, Intel hutanguliza ndogo. Ujumbe unaopita baina ya seva mbili za kdb+ hauna shida, maana baiti yake ya kwanza hutangaza mpangilio uliotumika. Lakini faili la safuwima husomwa kutoka diski kama lilivyo, bila kutafsiriwa, na hiyo ndiyo siri ya kasi yake. Ukilifungua upande wa pili unapata bei za kichaa. Historia yote ya benki ikabidi iandikwe upya, wikendi baada ya wikendi.

Pigo lililofuata halikutoka kwenye mashine. Mwaka 2012 toleo la 3.0 lilibadilisha namba kamili ya kawaida kutoka biti 32 hadi 64. Uamuzi mzuri, sioni kasoro yake. Ila kila mahali tulipobana nafasi kwa mkono, kila mstari uliotarajia aina ile ya zamani, ulijibu kwa kosa moja: type. Mzee alikuwa amestaafu tayari. Nilimpigia simu, akacheka mpaka akakohoa.

Mwaka 2020 likatoka toleo la 4.0, nasi sote tumefungiwa majumbani na ugonjwa. Baadaye akajiunga nasi binti mmoja kutoka Moshi, hodari, na kikao chetu cha kwanza kwa video alikifungua kwa shikamoo. Hakuchelewa kuingia kwenye kazi.

"Kaka, hizi peach zote ni za nini?"

"Za kugawa kazi kwenye prosesa kadhaa. Tuliziandika zamani."

"Toleo hili linajigawia lenyewe. Ukiifunga kazi ndani ya peach, linaacha kugawa."

"Pima uone."

Akapima. Kwenye safuwima ndefu, ule ujumlishaji tulioupasua kwa mikono yetu ulishindwa na neno sum likiwa peke yake. Tulizibakiza peach pale zilipopitia tarehe nyingi kwa wakati mmoja, nyingine akazifuta, na kila alichofuta kilirudi kuwa mstari wa kivivu.

Siku hizi tunakodi mashine kwa saa, na baadhi yake ni za ARM kwa kuwa kodi yake ni nafuu. Mkuu wetu haulizi tena milisekunde, anauliza pauni. Kuhama kwenyewe kulikuwa kwepesi kuliko nilivyotarajia, isipokuwa jambo moja. Jumla ya namba zenye desimali hutegemea zimejumlishwa kwa mfuatano gani, na mfuatano huo hubadilika kazi ikigawanywa au prosesa ikimeza namba mbili kwa pamoja badala ya nne. Ripoti mbili za siku ileile, kutoka mashine mbili, zikapishana kwenye tarakimu ya mwisho kabisa. Mkaguzi akataka kujua ipi ni sahihi. Binti wa Moshi akamweleza kwa upole kwamba zote mbili ni sahihi. Mkaguzi hakuwa na kisanduku cha kuwekea jibu hilo.

Basi kwenye ripoti ile tumerudisha kitanzi: namba moja, kisha inayofuata, kwa mfuatano uleule kila siku, kwenye mashine yoyote. Ndio mstari wa polepole kuliko yote katika msimbo mzima, na juu yake kuna maelezo kwamba yeyote asithubutu kuuharakisha.